Mwanangu wa darasa la saba kabadilika ghafla, ni balehe tu au kuna kitu?

MamaChanika

Habari zenu wakuu, poleni na joto. Naombeni mawazo kwa wenye watoto wa rika hili na wataalamu kama wapo humu.

Nina kijana wangu wa kwanza, mwezi wa nne anatimiza miaka 13, yuko darasa la saba. Huyu mtoto alikuwa redio. Ukimtuma dukani kwa Mpemba kununua chumvi anarudi na chumvi na habari za mtaa mzima, nani kakopa, nani kagombana na bodaboda, paka wa Mpemba kazaa wangapi, mpaka nilikuwa namwambia baba pumzisha mdomo basi. Sasa tangu kama mwezi wa 11 hivi redio imezimwa. Shule vipi? "Sawa." Umekula? "Sawa." Yani hata swali ambalo halijibiki kwa sawa yeye anajibu sawa, juzi nimemuuliza leo mmefundishwa nini akanijibu sawa.

Na hasira. Mdogo wake wa miaka 8 akigusa begi lake ni vita. Wiki iliyopita nilimtania tu, mbona sauti imekuwa kama ya chura, wallahi sikuwa na nia mbaya, akasukuma sahani akaingia chumbani nikasikia analia. Analia kabisa, kwa kwikwi. Nikaenda mlangoni nikasimama, nikashindwa nigonge au niondoke, nikaondoka.

Asubuhi kuamka ni mpaka umnyunyizie maji. Gari la shule linapita saa 11 na dakika 10 alfajiri kwa hiyo namuamsha saa 10 na nusu. Tuisheni inaisha saa 11 jioni, akifika nyumbani kwa foleni zetu hizi ni saa 1 usiku, homuweki, kuoga, kula, tayari saa 4 hiyo. Sasa ungetegemea mtoto kachoka atalala, wapi, nikiamka saa 5 nakuta mwanga wa simu ndani ya neti. Jumapili analala mpaka saa 6 mchana kama mgonjwa. Na mpira aliokuwa anacheza kila Jumamosi kaacha.

Halafu kuna kituko cha sweta. Joto lote hili la Februari yeye na sweta la shule, akirudi nyumbani sweta, jasho linamchuruzika, ukimwambia vua anasema ana baridi. Nimempima malaria mara mbili, hana.

Baba yake ni dereva wa malori anakwenda Zambia mpaka Kongo, anaweza kukaa wiki 3 njiani. Kwenye simu anasema ni balehe hiyo muache. Dada yangu anasema akaombewe. Jirani anasema bangi, nimenusa nguo zake zote sijakuta zaidi ya jasho. Hivi kweli balehe inaweza kumbadilisha mtoto hadi akili namna hii au kuna kitu kichwani kwake mimi nakichelewesha?

Kisiki_Kikavu

Mama usitafute mchawi. Simu nyang'anya, fimbo za kutosha, na kazi za nyumbani. Sisi tulikuwa tunaamka saa 10 kuchota maji na hakuna aliyekuwa na "mudi". Tulichapwa na tumekuwa watu.

binti_wa_Pangani

@Kisiki umekuwa mtu gani sasa, kila uzi wa watoto unakuja na fimbo 😂

Tabibu_Kijijini

Pole dada. Mi ni tabibu wa kituo cha afya, siyo bingwa wa akili, ila watoto wa rika hili naletewa kila wiki kwa "malaria isiyoonekana" hivyo ngoja nikujibu kwa urefu kidogo.

Ndiyo, inabadilisha hadi akili. Tunaonaga balehe ni ndevu, chunusi na hedhi, kumbe ukarabati mkubwa upo juu kichwani. Zamani hata wataalamu walidhani ubongo ukishamaliza utoto umemaliza, kwa sababu mtoto wa miaka 6 ubongo wake kwa ukubwa umeshafika asilimia 90 ya wa mtu mzima. Halafu kuna daktari Mmarekani anaitwa Jay Giedd, yeye na wenzake kwenye taasisi yao ya taifa ya afya ya akili walianza mwaka 1991 kuwapiga watoto picha za ubongo kwa mashine ya MRI, mtoto yuleyule anarudi tena kila baada ya muda, wanalinganisha. Matokeo yakatoka 1999 watu wakashangaa. Ile tabaka ya nje ya ubongo sehemu ya mbele ilikuwa inanenepa mpaka karibu na balehe, wasichana kwenye miaka 11 hivi na wavulana 12, halafu inaanza kupungua. Kupungua siyo ugonjwa. Mimi kwetu Rombo, mkahawa usipoupogoa unakupa majani mengi na buni kiduchu. Ubongo nao unapogoa, njia anazozitumia mtoto zinabaki na zinaimarishwa, asizozitumia zinakatwa, na zile zinazobaki zinavikwa ganda la mafuta kama waya unavyovikwa plastiki ili umeme ukimbie vizuri.

Shida ipo kwenye mpangilio wa mafundi. Hawaanzi kila chumba kwa pamoja. Sehemu za ndani za hisia, za kuogopa, za kutamani na kufurahia, zinaamshwa mapema na homoni. Sehemu ya mbele kabisa, hapa nyuma ya paji la uso, ile inayokwambia "hebu subiri kwanza", ndo inamaliziwa mwisho, mpaka miaka ya 20 na kitu. Mwambie mumeo ni lori linashuka mlima Kitonga na mzigo wote huku breki fundi bado anazifunga. Atakuelewa haraka kuliko mimi ninavyoandika hapa. Kwa hiyo utani wa chura kwako ni utani, kwake ni aibu ya kufa, na hana bado kifaa cha kujiambia "aa mama anatania".

Usingizi sasa. Hapa nina ugomvi na shule zetu. Kuna homoni ya kuita usingizi, melatonini. Mtoto akiingia balehe hiyo homoni inachelewa kutoka usiku, kwa muda wa saa 1 hadi 2 kuliko alipokuwa mdogo. Yani mtoto wa miaka 9 saa 3 anasinzia kwenye kochi, huyuhuyu akifika 13 saa 4 na nusu macho makavu, na siyo jeuri. Simu inaongezea maana mwanga wake unausukuma usingizi mbele zaidi, hapo nakubaliana na Kisiki nusu, simu ilale sebuleni kwenye chaji, ila na zenu wazazi zilale hukohuko la sivyo atakuona mnafiki. Sasa piga hesabu, kalala saa 5 kaamka saa 10 na nusu, ni usingizi wa saa 5 na nusu tu. Umri wake anatakiwa apate saa 9 hadi 12, akishatimiza 13 ni 8 hadi 10. Kwa siku 5 za shule anadaiwa zaidi ya saa 17. Huyo anayelala Jumapili hadi mchana analipa deni. Na mtu asiyelala, mkubwa au mdogo, ana hasira, analia ovyo, hakumbuki alichosoma. Nusu ya unayoyasimulia yanaweza kuwa ni hilo tu.

Lakini nusu, siyo yote. Sipendi neno "balehe tu" la baba yake. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili, na matatizo mengi ya watu wazima ukiyafuatilia yalianzia umri huohuo. Kuwa mkali, kujifungia, kuona aibu, kutaka marafiki kuliko wazazi, hayo ya kawaida. Ya kunishtua ni haya: huzuni au hasira inayokaa zaidi ya wiki 2 bila siku nzuri katikati, kuacha kitu alichokipenda sana, kula kumebadilika kabisa, shule kushuka ghafla, kusikia sauti, kugawa vitu vyake, kusema "bora nisingekuwepo", kujikata. Na usiogope kumuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Watu wanadhani ukiuliza unampandikizia wazo, hapana, unamfungulia mlango.

Wewe umetaja mpira kaacha. Hapo nimesimama. Na nina swali, utanisamehe. Hilo sweta. Umewahi kuiona mikono yake kuanzia kiwiko kupanda juu siku za karibuni? Na akikaa, mabega anayakunja kwa mbele?

MamaChanika

Tabibu umenitia baridi na mimi. Mikono nimeiona, Jumamosi anafua soksi zake mikono anakunja mpaka juu, na kuoshea vyombo hivyohivyo, hana alama yoyote namshukuru Mungu. Ila mabega!! Ndiyo. Anakaa kama mzee wa miaka 80, nilikuwa namwambia nyooka utapata kibiongo. Kwani kuna nini kwenye mabega?

Tichachaki

Nadhani najua Tabibu anaelekea wapi. Nafundisha darasa la 6 na la 7 mwaka wa 14 huu na kila mwaka sikosi mmoja wa sweta. Wasichana tunaelewa haraka, kifua kinaota anaona aibu. Wa kiume hatuwazi. Dada huyo mtoto ana kitu kifuani anakificha, na nakuhakikishia kama wenzake wameshaona basi ana jina. Jina la kwenye gari la shule ndo baya kuliko yote maana darasani nipo mimi, kwenye gari yupo dereva na matroni kasinzia, saa nzima asubuhi na saa nzima na nusu jioni mtoto hana pa kukimbilia.

Nikuongezee kuhusu wenzake. Kuna jaribio moja huwa nawasimulia wazazi kwenye kikao. Laurence Steinberg na mwenzake wa Marekani mwaka 2005 waliweka vijana wa miaka 13 hadi 16, wa vyuo, na watu wazima, wacheze gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta, taa ya njano inawaka unaamua usimame au ukimbilie. Wakicheza peke yao wadogo hawakuwa wabaya kihivyo. Wakiwekwa marafiki wawili nyuma wanaangalia, wale wadogo kuthubutu kwao kukapanda karibu mara mbili, watu wazima wala hakukubadilika kitu. Kwa hiyo kwa umri huu wenzao wakiwa wanatazama wanakuwa watu wengine. Mnashangaa mtoto mpole nyumbani kavunja kioo shuleni, mie sishangai.

Na hilo la saa 11 alfajiri sisi walimu hatulipendi, asikudanganye mtu. Kipindi cha kwanza nafundisha vichwa vilivyolala juu ya madawati. Ila mtihani wa Septemba ukikaribia mzazi wa kwanza kudai kambi na tuisheni zaidi ni nyie nyie, na mwenye shule anaangalia wastani wa mwaka jana kwenye bango la getini. Bora wadogo, 2023 serikali ilizuia bweni kwa darasa la kwanza hadi la nne. La saba nani atamtetea.

Tabibu_Kijijini

Tichachaki amenimalizia. Dada, wavulana wengi tu, karibu nusu yao, katikati ya balehe chuchu zinavimba. Unakuta kitu kama kifungo cha koti chini ya chuchu, upande mmoja au pande zote mbili, kinauma ukikigusa, nguo ikikisugua kinauma, mpira ukimpiga kifuani anaona nyota. Mara nyingi inaanza kwenye miaka 12 hadi 14. Sababu ni homoni za kike na za kiume, maana mwanaume naye anazo zote mbili, zinakuwa hazijakaa sawa kwa muda. Haina uhusiano na kuwa mwanamke, haina uhusiano na laana, na kwa wengi inaondoka yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2.

Sijamuona mtoto, siwezi kusema ndo hiyo. Ila sweta + mabega + kuacha mpira, ningeanzia hapo kabla ya maombi na bangi.

MamaChanika

Jamani. Mimi nimemuogesha huyu mtoto mpaka ana miaka 7 leo sijui kifua chake kikoje. Sasa namuanzaje? Nikimwambia vua shati nikuone atanichukia.

binti_wa_Pangani

USIMVUE SHATI. Wala usimuulize mbele ya mdogo wake.

Ngoja niseme la kwetu. Bibi yangu alikuwa somo, amecheza wali wengi pale Pangani, mwenyewe nilipovunja ungo nilikaa ndani na mtu wa kunielezea kila kitu, mengine kwakweli yalikuwa ya kunitisha na mengine ya kijinga siyatetei, lakini hakuna kilichotokea mwilini kwangu ambacho sikuambiwa kwanza. Kaka zangu walikwenda kumbini, mkumbo mmoja wa rika moja, wanaonana walivyo, wanacheka, kuna mtu mzima wa kiume asiyekuwa baba yao anawasema na kuwafunza. Sasa hivi mtoto anatahiriwa hospitali ana miezi 3, dakika 20 na panado, vizuri ni salama sibishi, ila yale maneno yaliyokuwa yanakwenda na jando nani kabaki nayo? Tumechukua kisu tukaacha mafunzo. Binti bado anapata shangazi, wa kiume anapata "wewe ni mwanaume sasa" basi.

Mtafutie mwanaume. Baba kwanza, hayupo basi mjomba.

dogo_wa_chuo

Habari wakubwa, mi nina miaka 20, wa kike, nasoma saikolojia mwaka wa pili lakini kwa hili naongea kama niliyepitia maana sijasahau. Darasa la sita kwenye gari la shule niliitwa "Bibi Harufu" kwa sababu siku moja tu nilinuka kwapa, mama hakuwa amenifundisha kuwa mwili unabadilika harufu. Siku moja! Jina lilikaa mwaka mzima. Sikumwambia mtu nyumbani, nilikuwa nasema sawa kama huyu mdogo wangu. Sawa maana yake ni usiendelee kuuliza maana nitalia na sitaki kulia mbele yako.

Chuoni nimekuja kusoma kuna gemu ya kurushiana mpira kwenye kompyuta, unacheza na wawili unaodhani ni watu, ghafla wanaanza kurushiana wao tu wewe hupewi. Waingereza wakina Sarah-Jayne Blakemore waliwachezesha wasichana wa kuanzia miaka 11 na wanawake wazima, wote walijisikia vibaya ila wale wadogo mudi ilishuka zaidi. Nilivyosoma nilikaa kimya darasani, nikasema kumbe sikuwa dhaifu.

Ushauri wangu, usimkalishe kwenye kochi "njoo hapa tuongee". Mama yangu alinipata tunachambua mchele. Macho yenu wote yako kwenye ungo, mikono ina kazi, hakuna anayemtazama mwenzie. Akaanza kujisema yeye mwenyewe kwanza, alivyopata hedhi akiwa amevaa sketi nyeupe kanisani. Nikacheka, halafu nikamwaga yote, mchele ukabaki na mawe.

Baba_Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Wangu yuko gredi ya 7, huku kwetu tangu 2023 hawa wa junia sekondari wamebaki palepale praimari kwa hivyo wanakaa na wadogo, si wakubwa si watoto, nao wamechanganyikiwa na walimu wamechanganyikiwa. Nataka tu kusema usaidizi upo na si lazima iwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Huku Kenya kuna shirika la Shamiri, wanawatumia vijana waliotoka tu shule kukaa na wanafunzi wa sekondari kwa vikundi, mikutano michache tu, na hawaanzi na habari za ugonjwa, wanaongea kuhusu kukua, kushukuru, mambo unayoyathamini. Waliifanyia utafiti na dalili za dipresheni na wasiwasi zikapungua. Niliipenda kwa sababu mtoto haambiwi wewe mgonjwa.

Pia namba 116, ni ya bure, Kenya ipo na Tanzania ipo, mtoto anaweza kupiga mwenyewe na mzazi pia. Mie nimeiandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa choo nyumbani, sikumwambia mtu kitu, ipo tu.

Kisiki_Kikavu

Sasa kila mtu anapigiwa simu ya bure. Ok. Ila dada Chanika mimi nauliza kwa nia njema, kama ni hilo la kifua, hakuna dawa? Au wampake kitu?

Tabibu_Kijijini

@Kisiki_Kikavu hakuna cha kupaka, na asimkamue wala asimkande kwa maji moto kama nilivyoona mama mmoja kafanya, mtoto alikuja na kifua kimeungua. Ukiona kinaendelea kukua, kinatoa majimaji, ni kigumu kama jiwe, au miaka 2 imepita, aonwe na daktari.

MamaChanika

Wakuu nimerudi, zimepita siku 11. Samahani kwa urefu.

Nilimpigia mume wangu nikamsomea majibu ya Tabibu yote, alikuwa foleni Tunduma, hiyo ya Kitonga akacheka sana. Nilipofika kwenye kifua akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Akasema nitaongea naye nikifika usimguse.

Kafika Alhamisi. Jumamosi asubuhi akamwita waoshe pikipiki ya mjomba wao nje, mimi nipo jikoni dirisha liko wazi nachambua dagaa, sikuwa nachungulia ila masikio yalikuwepo. Kama nusu saa hawakuongea kitu zaidi ya "lete sabuni". Halafu nikamsikia baba yake, bila kumuangalia, anasugua rimu, anasema "mimi nilipokuwa kama wewe nilikuwa naiba kanga ya bibi yako najifunga kifuani chini ya shati, siku moja ikafunguka nacheza kombolela ikaning'inia kama mkia". Mume wangu! Miaka 15 ya ndoa sijawahi kuisikia hiyo. Mtoto kimya. Kimya kirefu. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya chura, "ilikuwa inauma?" Akajibiwa ndiyo. Basi wakaendelea kuosha.

Alikuja kumwambia mengine jioni. Jina analo, Tichachaki ulijua, siliandiki hapa. Walioanza ni wawili wa gari hilohilo tangu mwezi wa 10, walimuona kwenye bomba anajimwagia maji baada ya mpira. Simu ya usiku alikuwa anatafuta kama anageuka mwanamke, na mtandao ukamletea mambo ya kumtisha zaidi. Kwa hiyo mtoto wangu miezi 4 alikuwa anaamini hivyo, peke yake, ndani ya neti, na mimi nimesimama nje nanusa nguo.

Nilimuuliza na lile swali gumu, tukiwa tunakunja nguo. Akasema hajafikiria kujiua, alifikiria kuacha shule. Nimemuamini ila naendelea kumtazama.

Shule nimekwenda. Matroni kabadilishwa kiti, sasa anakaa nyuma, wale wawili wamehamishiwa mbele, wazazi wao wameitwa, mmoja kaelewa mwingine ananiona najidai. Saa 11 alfajiri wamekataa kubadilisha. Nimeamua Jumatano na Ijumaa hafanyi tuisheni, watanikata jina wanikate. Simu zote sebuleni saa 3 na nusu, mimi ndo napata shida kuliko yeye.

Bado anasema sawa. Mlango bado unafungwa. Sweta analo, ila nyumbani analivua akiwa na baba yake tu. Mpira bado.

Swali langu kwa Tabibu: mtoto alimuuliza baba yake ilikuchukua muda gani kuondoka akamjibu miezi 6. Kumbe usiku mume wangu ananiambia ilikuwa mwaka na nusu, alimuonea mtoto huruma. Tumuache au arekebishe?

Tabibu_Kijijini

Arekebishe, na kabla hajasafiri. Mtoto ameshaanza kuhesabu. Mwezi wa 8 ukifika kitu kipo palepale, na mtihani ni Septemba, atarudi kwenye ile ile ya nageuka mwanamke na safari hii baba naye atakuwa muongo. Amwambie "nilikosea hesabu, ilikuwa zaidi ya mwaka, wengine inafika miaka 2", sentensi moja wakiwa wanafanya kitu kingine, aendelee na kazi.

Na mlete kituoni siku moja nimuone au aonwe na tabibu wa kiume aliye karibu nawe, dakika 5, awe na baba yake. Wiki mbili zijazo uangalie usingizi na hamu ya kula. Ukiona hasogei kabisa hata akilala vizuri, omba rufaa kwa mtu wa afya ya akili, hospitali nyingi za mkoa wapo siku hizi, watu wakisikia akili wanawaza ile hospitali ya Mirembe ya Dodoma tu.

dogo_wa_chuo

Kombolela na kanga 😭😭 baba apewe soda

Tichachaki

Jumatano na Ijumaa hizo zishikilie. Wakikusumbua kuhusu wastani niandikie PM nikwambie cha kuwajibu, najua lugha yao.

Kisiki_Kikavu

Tabibu naomba na mimi nikufuate PM. Ni kuhusu kijana wangu wa pili, ana miaka 14. Kofia havui.

Tabibu_Kijijini

Karibu mzee wangu. Njoo bila fimbo.